Bastola Ndogo Ndani ya Mkoba



Mwezi huu tulikuwa tumekusudia kuendelea na somo la kumwachisha mtoto ziwa. Tumeliahirisha kwa sababu ya barua moja ambayo tumeisoma mara tatu na bado imekaa mezani. Imetoka kwa dada yetu anayeishi Houston, katika jimbo la Texas, nchini Marekani. Wengi wenu mna binti, mdogo au wifi huko, basi mtatuwia radhi tukiijibu kwa urefu. Jina lake tumelihifadhi. Anaandika hivi:

"Shikamoo Dada Muuguzi. Mimi ni muuguzi kama wewe, nafanya zamu za usiku, naingia saa 1 jioni na kutoka saa 1 asubuhi. Nina watoto wawili, wa miaka 4 na 9, ambao usiku hulala na shangazi yao. Mahali pa kuegesha magari pako mbali na taa nyingine haziwaki. Juzi mwenzangu alinyang'anywa mkoba pale pale. Kazini karibu wote wana bastola, hata wale tunaosali pamoja. Wananiambia ninunue rivolva ndogo, ile ya risasi tano, niitie kwenye mkoba, basi. Tangu baba watoto alipoondoka mwaka jana sipati usingizi, kila mlango ukilia nashtuka. Je, ni dhambi kwa Mkristo? Na kama si dhambi, ninunue ipi?"

Marahaba, mdogo wetu. Umeuliza maswali mawili. Tutayajibu yote mawili, kisha tutajibu na la tatu ambalo hukuliuliza.

JE, NI DHAMBI?

Kuna wapendwa watakaokuambia kwamba mwenye imani hahitaji silaha. Wengine watakuambia Mungu humlinda anayejilinda. Kila upande una Biblia mkononi. Nehemia aliwaruhusu wajenzi wa ukuta wafanye kazi kwa mkono mmoja na mwingine ushike silaha (Nehemia 4:17). Petro naye alichomoa upanga bustanini akamkata mtu sikio, Bwana akamwamuru aurudishe alani, akamponya yule aliyejeruhiwa (Yohana 18:10-11, Luka 22:51). Hata Torati inapozungumzia mwizi anayevunja nyumba usiku, inatofautisha kati ya kumpiga gizani na kumpiga jua likiwa limechomoza (Kutoka 22:2-3). Maana yake ni kwamba kujilinda kuna mipaka, na uhai wa mwizi nao una thamani mbele za Mungu.

Huko Texas wanaikumbuka tarehe 16 Oktoba 1991. Siku hiyo, mjini Killeen, mtu mmoja alilivurumisha gari lake ndani ya mkahawa saa ya chakula cha mchana, akashuka na kuanza kuwapiga watu risasi. Aliua watu 23. Suzanna Hupp alikuwa mezani na wazazi wake. Alikuwa na rivolva yake, lakini alikuwa ameiacha ndani ya gari, kwa kuwa sheria ya Texas wakati ule haikuruhusu raia kutembea na bastola aliyoificha. Baba yake alimrukia muuaji akapigwa risasi. Mama yake hakukimbia, alibaki na mumewe sakafuni, naye akauawa. Baadaye Suzanna aliwasimulia watunga sheria mambo hayo. Mwaka 1995 sheria ikabadilishwa, na mwaka 1996 yeye mwenyewe akachaguliwa kuingia bunge la jimbo.

Hatuwezi kuisoma habari hiyo kisha tumwambie mwanamke anayetembea peke yake gizani kwamba hofu yake ni upungufu wa imani. Kwa hiyo hatusemi ni dhambi. Lakini tunakuomba ufungue Kumbukumbu la Torati 22:8. Pale Mungu anamwambia mtu anayejenga nyumba mpya aweke ukuta mfupi kuzunguka dari yake. Nyumba za kule zilikuwa na paa la bapa ambalo watu walikaa juu yake. Kuwa na dari si kosa. Kosa ni kuwa na dari isiyo na ukuta, mtu akaanguka, damu yake ikawa juu ya nyumba yako.

Bastola ni dari ya namna hiyo. Yote tutakayosema kuanzia hapa ni habari ya ukuta.

SHERIA KWANZA

Hukutuambia unaishi huko kwa kibali gani. Kama una ukaazi wa kudumu, ile inayoitwa kadi ya kijani, sheria ya Marekani inakuruhusu kununua. Kama uko kwa viza ya muda, ya masomo, ya matembezi au hata ya kazi, kwa kawaida sheria ya shirikisho inakukataza kumiliki silaha yoyote, na misamaha yake ni michache. Mwenzako aliyezaliwa huko anaweza asijue jambo hili, akakushauri kwa moyo mwema, nawe ukaingia katika kesi itakayokuondoa nchini na kukutenga na watoto wako. Usimwombe mtu akununulie kwa jina lake. Hilo nalo ni kosa la jinai, kwako na kwake.

Dukani utajaza fomu ya serikali na jina lako litapelekwa kuchunguzwa kwa mtambo ulioanza kazi Novemba 1998. Jibu kila swali kwa ukweli. Tangu tarehe 1 Septemba 2021 Texas haidai leseni kwa mtu wa miaka 21 au zaidi anayeruhusiwa kisheria kumiliki bastola. Lakini leseni bado inatolewa, na ili kuipata utasoma darasani na kupiga shabaha mbele ya mwalimu. Ukiamua kuwa na bastola, ipate na leseni hata kama hulazimishwi. Dereva mzuri hajifunzi kwa kuogopa askari tu.

Sasa fikiri jambo hili. Wewe unaogopa mahali pa kuegesha magari pa hospitali. Lakini hospitali huko kwa kawaida hazikubali silaha za wafanyakazi ndani ya wadi. Sheria ya Texas ya mwaka 2011 inamruhusu mfanyakazi kuiacha bastola yake halali ndani ya gari lililofungwa. Basi usiku utaiacha garini, na asubuhi utatembea mikono mitupu kutoka mlangoni hadi kwenye gari, njia ile ile unayoiogopa. Bastola itakuwa inakungoja mwisho wa safari. Na gari lililokaa saa 12 gizani likiwa na bastola ndani yake ni chambo cha wezi. Kabla hujatoa senti moja, uliza kanuni ya mwajiri wako kwa maandishi.

Kwa wasomaji wetu wa nyumbani, msiichukue habari hii ya Texas mkadhani inawahusu. Kwetu hapa Tanzania silaha haimilikiwi bila leseni, na jambo hilo linasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015.

RIVOLVA NDOGO NI KITU GANI

Rivolva ni bastola yenye silinda inayozunguka. Kila tundu la silinda lina risasi moja. Ukivuta kifyatulio kwa kidole, silinda inazunguka, nyundo inarudi nyuma na kugonga, risasi inatoka. Kampuni ya Colt ilitoa iliyoitwa Detective Special mwaka 1927, yenye risasi 6. Mwaka 1950 Smith & Wesson walitoa ndogo zaidi, Chiefs Special, ya risasi 5 za .38 Special. Hiyo ndiyo mama wa zile wanazokuonyesha wenzako. Mwaka 1952 wakatoa nyingine ambayo nyundo yake imefunikwa ndani, ili isinase kwenye nguo.

Sifa yake ni kwamba haina mambo mengi. Unaona kwa macho kama ina risasi au haina. Ukivuta na risasi moja ikagoma, unavuta tena, inakuja nyingine. Haihitaji nguvu ya kuvuta chuma cha juu nyuma kama zile bastola bapa, jambo linalowasaidia wenye viganja dhaifu au ugonjwa wa viungo.

Lakini wanaokuambia kwamba ni rahisi wamekupa nusu ya habari. Ni rahisi kuielewa, ni ngumu kuitumia. Mtutu wake haufiki inchi 2, hivyo kosa dogo la mkono humpeleka mtu mbali na shabaha. Kifyatulio chake ni kizito, mara nyingi kinataka nguvu ya kilo 5 hivi, na bastola yenyewe ni nyepesi kuliko nguvu hiyo mara kumi. Hebu jaribu kubana koleo gumu kwa kidole kimoja bila kutikisa mkono, uone. Ndiyo maana walimu wengi wa shabaha husema silaha hii inamfaa mtu aliyekwisha kujifunza kuliko anayeanza.

UKISIMAMA DUKANI

Mwaka 1989 kampuni ile ile ilitoa rivolva iliyoitwa LadySmith kwa ajili ya kuwauzia wanawake. Tunakuonya, dada. Usichague kwa rangi wala kwa jina la kike, na usimwache mwanamume wa dukani akuchagulie iliyo nyepesi kuliko zote kwa kuwa eti wewe ni mwanamke.

Tazama kwanza uzito. Zile za aluminiamu zina uzito wa gramu 420 hivi bila risasi. Za chuma tupu huzidi nusu kilo. Nyepesi ni tamu kubeba, lakini inapiga teke vibaya. Nzito kidogo inakuchosha begani, ila inatulia mkononi, na mwanafunzi anayeumia kiganja haendi tena mazoezini.

Pili, mpini. Ishike ikiwa tupu, mtutu ukielekea mahali salama. Je, kidole chako cha shahada kinafika kwenye kifyatulio bila kuugeuza mkono? Je, kidole kidogo kina mahali pa kushika? Mpini wa mpira unaojaza kiganja unapunguza maumivu.

Tatu, risasi. Ziko rivolva ndogo zinazopokea .357 Magnum. Usijaribu hizo katika bastola nyepesi, ni kama kupigwa kibao cha kiganja kila unapofyatua. Anza na .38 Special za nguvu ndogo, zile za kupigia shabaha za karatasi.

Nne, nyundo iliyofunikwa ni bora kwa kubeba ndani ya nguo. Na tano, kuna viwanja vya shabaha vinavyokodisha bastola kwa saa. Kodisha mbili au tatu, upige na kila moja, ndipo uamue. Hata kitenge huwezi kununua bila kukishika.

Ukishanunua, kanuni ni nne na hazina likizo. Kila bastola ihesabu ina risasi. Usiuelekeze mtutu kwenye kitu usichotaka kukiharibu. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka umeamua. Ujue unacholenga na kilicho nyuma yake. Hii ya mwisho ina uzito wa pekee huko, kwa maana nyumba nyingi za Marekani zina kuta za ndani za mbao na jasi. Risasi hupenya kutoka sebuleni hadi chumba cha watoto.

MKOBA SI ALA

Wenzako wanasema uitie kwenye mkoba. Hapo hatukubaliani nao kabisa.

Mkoba ndicho kitu cha kwanza ambacho mnyang'anyi anakivuta, wewe mwenyewe umeshuhudia. Atakuwa amechukua pesa, simu na bastola kwa mkupuo mmoja. Mkoba unauweka kwenye kiti kanisani, kwenye sakafu ya wadi, kwenye toroli la dukani. Ndani yake kuna funguo na kalamu zinazoweza kuingia kwenye kifyatulio. Na mtoto wako wa miaka 4 anajua kwamba pipi hutoka humo.

Tarehe 30 Desemba 2014, mjini Hayden katika jimbo la Idaho, mama mmoja kijana alikuwa dukani na watoto. Alikuwa na leseni na alijua kutumia silaha. Mkoba wake ulikuwa na mfuko maalumu wa bastola wenye zipu. Mwanawe wa miaka 2, aliyekaa kwenye toroli, aliufungua. Risasi moja ikamuua mama palepale. Bastola ile haikuwa rivolva, na kifyatulio cha rivolva ni kizito zaidi. Lakini usilifanye hilo kuwa kinga yako. Utafiti uliochapishwa mwaka 1995 ulipima nguvu za vidole vya watoto. Wa miaka 3 na 4, mmoja kati ya wanne aliweza kuvuta pauni 10, yaani kilo 4 na nusu, kwa vidole viwili. Wa miaka 5 na 6, waliweza saba kati ya kumi.

Kama utabeba, beba mwilini, ndani ya ala ngumu inayofunika kifyatulio chote. Na siku utakayosafiri kuja kuwaona wazazi, mkoba uumwage wote kitandani kabla hujatoka. Mwaka 2023 wakaguzi wa viwanja vya ndege vya Marekani walikamata silaha 6,737 kwa abiria, na zaidi ya tisa kati ya kumi zilikuwa na risasi ndani. Wengi walisema wamesahau tu.

UKUTA WA NYUMBANI

Sisi tulio wauguzi huku nyumbani tumewapokea watoto wengi waliokunywa mafuta ya taa. Tunamkumbuka mmoja aliyeletwa usiku wa mvua, anakohoa, midomo imeanza kuwa ya buluu, na harufu ya mafuta imejaa chumba kizima. Mama yake alikuwa akirudia neno moja tu: "Nilikuwa nimeificha. Nilikuwa nimeificha." Ilikuwa chupa ya soda nyuma ya debe la unga. Yule mtoto alipona, Bwana ashukuriwe. Lakini tangu usiku ule tunasema kwa kila kikundi cha akina mama: kuficha si kufunga. Mtoto wa miaka 9 anajua unapoficha biskuti, na anajua unapoficha zawadi za Krismasi.

Basi bastola isiyo mwilini mwako ikae ndani ya kasha la chuma lenye kufuli, lililofungwa kwa skrubu kwenye ukuta au fremu ya kitanda. Yako makasha madogo yanayofunguka kwa kubonyeza namba hata gizani. Namba isiwe siku ya kuzaliwa ya mtoto. Shangazi wa watoto aambiwe kasha lipo, na kwamba si la kuguswa. Sheria ya Texas yenyewe inamhesabia kosa mtu anayeacha silaha yenye risasi mahali ambapo mtoto wa chini ya miaka 17 anaweza kuifikia. Watoto nao wafundishwe: ukiona bastola usiguse, toka, mwambie mtu mzima. Fundisha, lakini usitegemee mafundisho peke yake.

Liko jambo jingine ambalo wauza silaha hawalitaji, nalo ni la kiuguzi. Kiswahili chetu kinaiita risasi ya bunduki na madini ya risasi kwa jina moja, na hakikukosea. Kila unapofyatua, vumbi la madini hayo linatoka kwenye moshi, linakaa mikononi, kwenye nywele na kwenye nguo. Madini ya risasi huharibu ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo, na kwa mjamzito hupita kwenye kondo la nyuma mpaka kwa mtoto tumboni. Ukitoka mazoezini usile wala usimshike mtoto kabla ya kunawa mikono na uso kwa sabuni. Nguo zile zifuliwe peke yake, na viatu viachwe nje. Mwenye mimba asiende kwenye uwanja wa shabaha wa ndani.

SWALI AMBALO HUKULIULIZA

Sasa dada, tuseme nawe taratibu, kama tungekuwa tumekaa jikoni.

Katika barua yako umetaja mnyang'anyi mara moja. Usingizi umeutaja, kuondoka kwa baba watoto umekutaja, kushtuka kila mlango ukilia umekutaja. Ungekuja kliniki kwetu ukasema maneno hayo, tusingekuuliza kwanza habari za bastola. Tungekuuliza unakula nini, unalala saa ngapi, unalia lini, na kama kuna siku umewahi kuona afadhali usiamke.

Tunakuuliza hilo kwa sababu hii. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa matokeo ya uchunguzi wa mamilioni ya watu wazima wa jimbo la California. Walilinganisha wanawake wenye bastola na wasio nazo. Wenye bastola walikuwa katika hatari ya kufa kwa kujipiga risasi zaidi ya mara 35 kuliko wenzao. Kwa wanaume ilikuwa mara 8. Mwanamke ananunua bastola kwa ajili ya mgeni mbaya wa usiku, na wakati mwingine mgeni huyo ni huzuni yake mwenyewe.

Wewe ni muuguzi, unajua tunavyojua sisi. Aliyekunywa vidonge mara nyingi tunamwahi. Saa moja baadaye anajuta na kuita jina la mama yake. Aliyejipiga risasi mara nyingi hatumwahi. Na wengi sana walionusurika baada ya jaribio la kujiua hawafi kwa njia hiyo baadaye. Walihitaji ile saa moja ipite.

Hatusemi kwamba wewe uko hivyo. Tunasema nyumba yenye majonzi mapya haikai vizuri na bastola mpya. Kama mawazo ya namna hiyo yamewahi kukujia, piga namba 988 huko Marekani, usiku au mchana. Mtu atapokea. Hakuna aibu. Eliya naye aliomba afe chini ya mti, na Mungu hakumkaripia. Alimlaza usingizi, akamlisha, kisha ndipo akasema naye (1 Wafalme 19:4-8).

JIBU LETU

Umetuuliza ununue ipi. Jibu letu ni kwamba mwezi huu usinunue yoyote.

Wiki hii mwone daktari kwa habari ya usingizi, na umweleze yote, pamoja na ya baba watoto. Nenda kwa mkuu wa walinzi wa hospitali umwombe akusindikize asubuhi. Hospitali nyingi huko hufanya hivyo bila malipo, mtu akiomba. Wauguzi wa zamu moja mtoke pamoja, msimwache wa mwisho peke yake. Zile taa zisizowaka ziandikieni barua yenye sahihi za wote. Mwajiri anaweza kulipuuza neno la mdomo, lakini barua yenye majina ishirini ataisoma. Mkoba uwe mdogo, na akitokea mtu wa kuutaka, mwachie. Pochi hununuliwa nyingine. Mama wa watoto wawili hanunuliwi.

Uwatafute pia wapendwa wa nyumbani. Houston kuna Watanzania na Wakenya wanaokutana kusali kwa Kiswahili. Usikae na majonzi peke yako kwa kuogopa watakachosema juu ya ndoa yako.

Baada ya miezi sita, kama usingizi umerudi, kama kibali chako kinaruhusu, kama kasha la chuma limeshakuwa ukutani kabla ya bastola kufika, na bado moyo wako unaona unahitaji, nenda darasani. Kodisha ile ya chuma, yenye nyundo iliyofunikwa, na risasi za nguvu ndogo. Upige mpaka mkono uzoee. Hapo utaamua ukiwa umelala vizuri, na hatutakuhukumu kwa uamuzi wowote utakaofikia. Jenga ukuta kwanza, ndipo upande darini.

Tuandikie tena, mdogo wetu. Hata kama ni mstari mmoja tu wa kusema umelala.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA UMOJA WA AKINA MAMA

1. Soma Kumbukumbu la Torati 22:8. Nyumbani kwako kuna kitu gani ulichokificha lakini hukukifunga? Fikiri habari ya dawa, mafuta ya taa, sumu ya panya na panga.

2. Ni dada gani wa ushirika wenu anayetembea peke yake gizani kwenda au kutoka kazini? Mtafanya nini wiki hii?

3. Mwenzetu akituambia hapati usingizi, huwa tunamwuliza nini? Au tunamwambia tu aombe?

Hadi mwezi ujao, tutakaporudi kwenye somo letu la kumwachisha mtoto ziwa, Bwana awalinde kutoka kwenu na kuingia kwenu.